Yowe Halina Mazoezi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa masikio kabla ya macho. Sura za watu zimeanza kunichanganya, majina ndiyo usiseme, na miwani huwa naitafuta nikiwa nimeivaa. Lakini sauti iliyotoka mto Mkondoa siku ile saa kumi alasiri naisikia vilevile mpaka leo, na jana umeiamsha bila kujua.

Umeiamsha kwa ile video uliyonitumia kwenye simu. Usidhani sikufurahi. Kukuona wewe, mtoto wa mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, ukiwafundisha wanafunzi wa sekondari huko Mikumi tamthilia ya kale kwa kuicheza badala ya kuikariri, ni furaha ambayo sikuitegemea uzeeni. Umeandika chini yake: "Mama mkubwa, tazama walivyoiva, Jumamosi ndiyo siku!" Nikatazama. Yule binti anayecheza mama aliyefiwa analia kilio cha msiba hasa, anaketi chini, anatupa mikono. Wenzake wanampigia makofi, na wewe unasikika ukicheka.

Nimeitazama mara nne. Mara tatu za mwisho sikumtazama binti. Nilimtazama mama mmoja anayepita nyuma ya uzio wa shule na ndoo kichwani. Anasikia kilio, anasimama. Anaitua ndoo chini, anaweka mkono kifuani, anatazama upande wenu. Hapo video inakatika. Hapa Dumila mabasi hayaachi kupiga honi na wauza nyanya hawaachi kuita wateja, lakini tangu jana mawazo yangu yako kwa mama yule, na roho haitulii. Ndiyo maana nakuandikia. Haya nitakayokueleza sikuwahi kumwambia hata mama yako.

Nilikuwa na umri kama wako, mwalimu mpya, nimetoka Morogoro mjini na sanduku la bati na kiburi cha chuo. Nilipangiwa shule moja nje ya Kilosa, jirani na mto, upande wa reli iendayo Munisagara. Nikakabidhiwa fasihi, kidato cha tatu. Tamthilia waliyokuwa wakiisoma ilikuwa ya zamani mno, ya nchi za mbali, na aliyeitafsiri alikuwa mtu wa kupenda maneno magumu. Wanafunzi waliikariri kama jedwali la kuzidisha. Waulize mhusika mkuu ni nani, watakujibu wote kwa pamoja. Waulize analilia nini, wanatazamana.

Nikasema hawa nitawafundisha kwa warsha, waicheze wenyewe mpaka iwaingie. Tukatoa madawati nje, nikachora jukwaa uwanjani kwa chokaa, nikagawa nafasi. Mchezo wenyewe, nikufupishie, ulikuwa hivi. Mjane analinda lango la mji. Watu wa mji wamemdharau na kumnyang'anya haki yake, na mwishoni ni yeye peke yake anayeona adui wakija. Akinyamaza, mji umekwisha. Anachagua kuita. Anapiga yowe moja tu, mji unaamka, na mchezo unaishia hapo. Likiharibika yowe lile, saa mbili za watazamaji zimekwenda bure.

Mjane nilimpa Mbuke. Alikuwa binti mrefu, mkimya, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na kujenga ng'ambo ya mto. Darasani humsikii. Akisimama ndani ya mstari wa chokaa, hata wale watundu wa nyuma waliacha kutafuna miwa. Nawe unajua huku kwetu: wakulima na wafugaji walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni, ng'ombe mmoja akiingia kwenye mpunga ni kesi ya wiki nzima. Kuona watoto wa wakulima wakimshangilia mtoto wa mfugaji kulinipa kichwa. Nilijiona nimefanya kazi iliyowashinda wakubwa.

Basi, siku tulipofika kwenye yowe, Mbuke akasimama pale katikati akaniangalia.

"Madam, hili siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Kwetu yowe halipigwi bure, madam. Wazee wanaliita mwano. Likilia, kila mwanamume anachukua fimbo yake anakuja, hata kama ndiyo kwanza ameosha mikono ale. Baba atasema nimewaita watu kwenye jambo ambalo halipo."

"Hapa siyo kwenu, Mbuke. Hapa ni jukwaani."

Sentensi ile niliiona tamu sana, mwanangu. Niliirudia hata kwa walimu wenzangu ofisini. Mtoto akajaribu njia nyingine: twende tukamwombe baba ruhusa, au nipige kidogo tu nikate. Nikamwambia akikata, mchezo umekufa, na kama ameshindwa wapo wengine wanaoitaka nafasi. Nilijua anavyoipenda nafasi ile. Nilimshika mahali panapouma, kwa makusudi, na nikajiita mwalimu hodari.

Akapiga. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi, hapo hapo uwanjani.

Nywele zilinisimama. Niliruka kwa furaha, na sijamaliza kuruka nikaona watu. Walitoka mashambani na majembe, walitoka upande wa mto na fimbo, mama mmoja alikuja na mwiko wenye ugali. Mkulima na mfugaji, wote mbio, bega kwa bega, wanauliza: nani? wapi? Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo, na watu wale waliishi kwa msemo huo. Pale Kilosa walibishana kuhusu kila kitu, maji, majani, mipaka, ila kuhusu yowe hawakubishana. Likilia, unaacha ulichoshika.

Nikawainulia mikono nikicheka. "Samahanini jamani, hakuna kitu. Ni mazoezi tu ya wanafunzi."

Hakuna aliyecheka. Wengine walisonya wakageuka. Akabaki mzee mmoja akihema, ameshika goti. Huyo alikuwa Mzee Athumani, mstaafu wa reli. Maisha yake yote alikuwa akitembea juu ya njia ya treni na nyundo, akigonga chuma na kusikiliza kama kimepasuka. Jirani yetu huyo, nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mto.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

Marahaba haikuja. Mwanangu, unajua uzito wake. Mtu mzima anaweza kukukasirikia, akakugombeza, akakufukuza, lakini shikamoo yako ataiitikia. Yeye aliiacha ianguke chini.

"Mwalimu," akasema alipopata pumzi, "yowe halina mazoezi. Likitoka, limetoka."

Akaondoka taratibu. Nami niliona aibu mbele ya wanafunzi, na aibu ya kijana hugeuka ubishi. Nikawaambia, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tunaendelea." Wakacheka kwa kuniogopa. Mbuke hakucheka.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, na nililifanya kwa adabu zote. Jioni ile na kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba. Nilibisha hodi, niliamkia, nilikaa kwenye vigoda, nilikunywa uji. Nikawaomba radhi majirani kwa usumbufu, na nikawaambia: "Kuanzia leo, mkisikia yowe upande wa mtoni saa kumi, msishtuke, wala msihangaike kuja. Ni mwanafunzi wangu." Na kwa baba yake Mbuke nilimtuma Mbuke mwenyewe apeleke salamu hizohizo. Watu wakasema sawa mwalimu, tumekuelewa. Nilipofika kwa Mzee Athumani alikuwa akinoa panga. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi sikuahidi kitu, binti yangu." Nikaona mzee mkaidi huyu.

Nilikuwa nimeshamtafutia Mbuke mahali pa kufanyia mazoezi, mbali na nyumba za watu. Katikati ya mto palikuwa na tuta la mchanga, maji yakipita pembeni yakifika kwenye kifundo cha mguu. Sauti ilisafiri vizuri pale. Mimi ndiye niliyepachagua, mwanangu, wala hakuna mwingine wa kumsingizia. Akawa anakwenda na rafiki yake Zaituni, aliyemshikia daftari na kumkumbusha maneno.

Jumanne akapiga yowe, hakuja mtu. Jumatano akapiga tena, hakuja mtu. Nami nilifurahi. Hebu fikiria, nilifurahi kwamba mtoto anapiga yowe na hakuna anayekuja.

Ilikuwa masika. Mimi wa mjini nilidhani mto hujaa mvua inaponyesha juu yake. Mkondoa hauna desturi hiyo. Mvua inanyesha huko milimani ambako huoni, kwako jua linawaka na nguo zinakauka kwenye kamba, na maji yanakuja hivyohivyo. Alhamisi asubuhi mama muuza vitumbua aliniambia pale getini, "Mwalimu, maji yamebadilika rangi." Nikamjibu, "Eeh, masika haya," nikachukua vitumbua vyangu nikaenda darasani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Saa kumi nilikuwa uwanjani na wanafunzi wengine, tukipanga namna mji utakavyoamka. Yowe likaja kutoka mtoni.

Lilikuwa tofauti. Lilipanda, likatetemeka, likaingia mifupani. Nikainua mkono nikawanyamazisha wote. "Sikilizeni! Sikilizeni, ameipata!" nikasema. "Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitaka." Na nikapiga makofi. Wanafunzi wakapiga makofi na mimi. Darasa zima tulisimama juani tukampigia makofi.

Likaja la pili. Kijana mmoja akauliza, "Madam, mbona anarudia? Si liko moja tu?"

"Anatafuta sauti," nikasema.

Likaja la tatu, na safari hii zilikuwa sauti mbili. Zaituni hakuwa na yowe katika mchezo. Zaituni alikuwa wa kushika daftari. Lakini bado nilisimama, mwanangu, nilisimama nikijiambia watoto hawa wanataniana tu. Kichwa kilichokwisha kujiambia uongo hakipendi kuusahihisha haraka. La nne likakatika katikati. Hapo ndipo miguu ilipoondoka.

Njiani nilipita nyumba ya kwanza. Wanaume wawili walikuwa barazani wakicheza bao. Wakaniona nakimbia na viatu mkononi, wakasimama wakishangaa, kete bado ziko mikononi mwao. Nilipita nyumba ya pili, mama anapepeta mchele. Nilipopita aliacha ungo ukaanguka. Wote walikuwa wamesikia. Walikuwa wamesikia mara nne, wakaendelea na shughuli zao kwa heshima yangu.

Mto haukuwa ule wa jana. Maji yalikuwa mekundu, yana matawi na povu, yanakwenda kwa kishindo. Tuta la mchanga lilikuwa limebaki kipande kisichozidi mkeka, na juu yake wasichana wawili wamekumbatiana. Na ndani ya maji, maji yakiwa kifuani, alikuwa Mzee Athumani. Alikuwa amefunga kamba yake ya kuni kwenye mkuyu wa ukingoni, amejifunga ncha nyingine kiunoni, anakwenda hatua kwa hatua. Alikuwa peke yake. Kijiji kizima kilichokuja mbio Jumatatu kwa ajili ya uongo wangu, Alhamisi kilikuwa mtu mmoja mwenye umri wa babu yangu.

Niliishika ile kamba. Wale wa bao wakafika, mama wa mchele akafika, tukaishika wote. Alimleta Zaituni kwanza, akarudi kwa Mbuke. Wakati anarudi na Mbuke, gogo lilikuja na maji likambana mguu kwenye jiwe. Nilisikia mlio wa mfupa hata juu ya kelele za maji. Hakumwachia mtoto. Tuliwavuta pamoja mpaka kwenye nyasi, na tulipogeuka, lile tuta halikuwepo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, mwanangu, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu.

Kesho yake baba yake Mbuke alikuja shuleni. Nilijificha chooni, sioni haya kukwambia, nilikaa humo mpaka nikaona nitaitwa kwa jina. Alikuwa mtu mrefu, fimbo yake ameiacha nje ya mlango wa ofisi. Nilitegemea matusi, hakutukana.

"Mwalimu, nilikuwa ng'ambo nanywesha ng'ombe kwenye dimbwi," akasema. "Nilimsikia mtoto wangu. La kwanza tu nilinyanyuka, fimbo mkononi. Nikakumbuka umetuma salamu kwamba tusije." Akatazama mikono yake. "Nikakaa."

Akatoka, akachukua fimbo yake, akaenda. Wakati mwingine natamani angenipiga nayo. Miaka mingapi imepita, na neno lile moja, "nikakaa", bado linaniamsha.

Nikaenda kwa mkuu wa shule kumwambia mchezo umekufa na mimi nahama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaandika barua ya kuufuta. Aliyetuzuia ni Mbuke. Alikuja na macho mekundu, sauti imekauka kwa kulia na maji ya mto.

"Madam, nataka tuumalize. Lakini lile sitalipiga."

Safari hii sikumuuliza kama hawezi au hataki. Nilimuuliza, "Sasa tutafanyaje mwanangu?"

"Nitasimama tu," akasema.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, tulicheza kwenye bwalo la chakula. Sikulala usiku wa kuamkia siku ile, na asubuhi sikuweza kumeza hata chai. Niliogopa watu hawatakuja. Niliogopa zaidi kwamba watakuja. Wakaja. Wakulima walikaa upande wa madirisha, wafugaji upande wa mlango, na katikati akaletwa Mzee Athumani kwenye baiskeli ya mjukuu wake, mguu una plasta nyeupe mpaka kwenye paja. Nilimwona pia baba yake Mbuke, amekaa mwisho wa benchi, fimbo kati ya magoti.

Mchezo ulikwenda. Sikuuona, nilikuwa pembeni nyuma ya shuka tulilofanya pazia, natafuna kucha. Ukafika mwisho, nikachungulia. Mjane akapanda juu ya meza iliyokuwa ukuta wa mji. Akatazama mbali, akawaona adui. Akaweka mikono mdomoni kama wafanyavyo kwao, akajaza kifua, akafungua kinywa.

Hakuna kilichotoka. Shingo ilimkaza, mishipa ikamsimama, machozi yakamtoka, kinywa kiko wazi, na bwalo zima hakuna sauti hata ya benchi. Niliomba ardhi inimeze. Niliona watu hawajaelewa, nikaona wataanza kuguna na kunong'ona, na mtoto ataaibika mara ya pili kwa ajili yangu.

Ndipo baba yake akasimama.

Alisimama tu, fimbo mkononi, akimtazama mwanawe. Mama wa mchele akasimama. Wale wawili wa bao wakasimama. Mzee Athumani akamshika mjukuu wake bega, akasimama kwa mguu mmoja. Upande wa madirisha wakasimama, upande wa mlango wakasimama, bwalo zima, wameelekea kwa yule binti aliyekuwa akiita bila sauti. Mbuke alipoona wamesimama wote, akafunga kinywa, akashuka kwenye meza. Hakukuwa na wa kufunga pazia, nami nilikuwa nimekaa chini nalia.

Watu walipotawanyika nilimwendea Mzee Athumani. Nilipiga goti, sikuthubutu kumtazama usoni, nikamtazama plasta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu," akasema. Kisha akaongeza, "Leo umefundisha."

Alitembea na mkongojo mpaka siku alipofariki. Kila likizo nilimpelekea sukari na ndala moja ya kulia, maana ya kushoto, ya mguu ule uliovunjika, haikuchakaa, akawa ananitania kwamba nimemfanya mteja wa nusu duka. Mbuke ni bibi sasa, yuko upande wa Vidunda kwa mkwe wake, analima maharage. Tukikutana ananiamkia madam, nami kila mara nashindwa kumtazama kabla yeye hajacheka.

Sasa wewe, mwanangu. Sikwambii uache. Nilifundisha tamthilia kwa kuzicheza mpaka siku ya kustaafu, na sijaona njia nyingine inayomfanya mtoto aelewe maneno ya watu waliokufa zamani. Maneno yale hayaishi mpaka yapite kwenye koo la mtu hai. Lakini koo lile lina kwao. Lina baba na mama na majirani, na lina mambo ambayo kwao hayachezewi. Kilio cha msiba ni mojawapo. Unadhani umekiazima kutoka kwenye tamthilia, kumbe umekiazima kutoka kwa watu, na watu wanasikiliza.

Mtoto akikwambia hili siwezi, usimuulize mara ya pili kwa ukali. Muulize kwa nini, halafu kaa kimya umsikilize kama Mzee Athumani alivyosikiliza reli. Pengine anachokwambia ndicho kitakachouokoa mchezo wako. Mimi mchezo wangu uliokolewa na yowe ambalo halikupigwa. Nenda kwa wazazi kabla, usiwatumie mtoto na salamu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi nakuongezea kwamba kutouliza kuna siku kutakutoa mbio na viatu mkononi.

Na zaidi ya yote, usije ukapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasije. Hilo tu, hata ukisahau mengine yote. Mtu kukimbilia sauti ya mwenzake ni kitu kilichojengwa na vizazi, na mimi mwalimu mmoja nilikibomoa kwa siku mbili, kwa hodi na shikamoo. Ukitaka kulia jukwaani, waite watu waje waone ni jukwaa. Waite waje, usiwaambie wakae.

Bado siku tatu kabla ya Jumamosi yako. Ningekuja mwenyewe ila magoti haya hayapandi basi tena. Kwa hiyo nakutuma. Yule mama mwenye ndoo, nyuma ya uzio, mtafute. Uliza pale dukani, uliza kwenye bomba la maji, lazima anajulikana. Mwamkie. Usimwambie ilikuwa mazoezi tu, usimwambie asishtuke siku nyingine. Mwambie umemwona alivyoitua ndoo, na umekuja kumshukuru kwa kusimama. Mwombe Jumamosi aje, umwekee kiti cha mbele.

Ukisha kuonana naye nipigie, hata kama ni kwa dakika moja, nipate kulala.

Mungu akutunzie sauti yako na za watoto uliokabidhiwa. Akujaalie majirani wenye masikio mepesi na miguu mepesi. Na siku wewe mwenyewe utakapoita, mwanangu, maana kila mtu ana siku yake ya kuita, iwe hujamaliza kuita, wao wameshafika.